MFALME HAJITAWAZI
Maana na matumizi ya neno "kutawaza", na funzo lake kwa wenye madaraka

Ndugu msomaji, lugha ya Kiswahili ina maneno mengi yahusuyo madaraka, na aghalabu twayatumia pasipo kusimama na kuyachungua. Twasema mfalme ametawazwa, askofu amesimikwa, rais ameapishwa, afisa ametunukiwa kamisheni, askari amepandishwa cheo. Ukiyatazama maneno hayo utaona yana jambo moja yanayoshirikiana: yote yako katika hali ya kutendwa. Mwenye cheo hajitendei. Hutendewa na wengine.

Leo tumekusudia kulitazama neno moja kati ya hayo, nalo ni "kutawaza", pamoja na ndugu zake wawili: "kusimika" la Kiswahili na "kwimika" la Kirundi. Huenda mtu akauliza, nchi yetu ilikwisha kuwa jamhuri tangu mwaka 1966, basi neno la kuwapa wafalme enzi lina faida gani kwetu? Faida yake ni kubwa. Neno hili limebeba swali ambalo kila jamii hulazimika kulijibu, iwe na mfalme au isiwe naye: mwenye kuamuru ameupata wapi uwezo wa kuamuru? Nchi ya Burundi imelijibu swali hilo kwa njia nyingi katika muda mfupi, na baadhi ya majibu hayo yalilipiwa kwa damu.

ASILI YA NENO

Neno "tawala" lilitujia kutoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya kushika madaraka ya nchi au ya watu. Waswahili walipolipokea walilitia katika kanuni za lugha yao wenyewe. Kama vile "lala" lilivyozaa "laza", ndivyo "tawala" lilivyozaa "tawaza". Mama humlaza mtoto, yaani humfanya alale. Vivyo hivyo watu humtawaza mfalme, yaani humfanya atawale. Kutawala ni tendo la mtu mmoja aliyekaa kitini. Kutawaza ni tendo la wale waliomkalisha.

Liko pia neno "kutawaza" la pili, ambalo lafanana na la kwanza kwa sauti tu. Hilo ni la usafi: kuosha miguu, au kumsafisha mtoto baada ya haja. Akina mama wa pwani hulitumia kila siku katika ulezi, wala hawafikirii kiti cha enzi hata kidogo. Tumelitaja ili msomaji asichanganyikiwe alisikiapo Unguja au Mombasa.

Neno "kusimika" lina asili ya Kibantu. Kiswahili cha kale kina kitenzi "ima", maana yake kusimama, ambacho alama zake tungali tunaziona katika maneno "wima" na "simama". Mwisho wa "-ika" katika maneno kama bandika, tundika, angika na funika waonyesha kukiweka kitu mahali pake. Basi kusimika ni kukifanya kitu kisimame imara mahali pake. Twasimika nguzo, twasimika mlingoti, na kwa mfano huo twamsimika kiongozi. Nguzo haijisimiki yenyewe. Lazima wawepo watu wa kuchimba shimo, wa kuinua, wa kushikilia na wa kushindilia udongo.

Sasa sikiliza Kirundi. "Kwima" ni kushika ufalme, na "kwimika" ni kumpa mtu ufalme huo. Mwenye kuzijua lugha hizi mbili hawezi kukosa kusikia jinsi "kwimika" na "kusimika" yanavyoitikiana. Na Kirundi huongeza neno moja ambalo Kiswahili hakikuliweka hapo: husema "kwima ingoma". Mfalme hashiki kiti, hushika ngoma.

NGOMA NDIYO UFALME

Katika Kirundi, "ingoma" ni ngoma ipigwayo, na papo hapo ni ufalme, ni utawala, tena ni kipindi cha utawala. Hata leo mzee akitaka kukumbuka jambo la miaka ya nyuma husema lilitokea "ku ngoma" ya fulani, hata kama huyo fulani alikuwa rais wa jamhuri wala si mfalme. Ufalme umekwisha, lakini neno lake limebaki kinywani mwa watu.

Ngoma kuu ya ufalme iliitwa Karyenda. Haikuwa ngoma ya kuchezea arusi. Ilitunzwa na watu maalumu, na ilionekana hadharani kwa nadra, hasa wakati wa Umuganuro, sherehe ya mtama iliyofungua msimu wa kupanda. Ngoma nyingine zilitunzwa katika milima mbalimbali na koo zilizopewa kazi hiyo. Mlima Gishora, karibu na Gitega, unajulikana mpaka leo kwa kazi hiyo tangu enzi za Mfalme Mwezi Gisabo. Mojawapo ya ngoma zake yaitwa Murimirwa, yaani "anayelimiwa". Ngoma hizo huchongwa katika mti uitwao umuvugangoma, na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuingiza mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Serikali nayo haikuiacha ngoma bila ya ulinzi: amri ya rais ya Oktoba 2017 iliagiza kwamba ngoma hizo zipigwe na wanaume peke yao, na ikaweka masharti juu ya kuzipiga katika sherehe. Jambo hili laonyesha kwamba ngoma hata sasa haihesabiwi kuwa kelele tu.

Je, nani aliyemwimika mfalme wa Burundi? Masimulizi ya jadi husema mfalme alizaliwa ameshika mbegu mkononi, na kwamba mbegu hizo ndizo zilizomtambulisha. Lakini mtoto hawezi kuutangazia ulimwengu kilichomo katika kiganja chake. Walikuwapo abanyamabanga, watunza siri wa ufalme, ambao walijua, walithibitisha na waliongoza mila. Kwa hiyo hata pale ambapo ilisemekana Mungu amekwisha kuchagua, palihitajika kinywa cha watu cha kusema kwamba ndiye.

Na watu walipomwamkia mfalme walimwambia: "Ganza, sabwa!" Maneno hayo mawili yana hekima. "Ganza" ni amri ya kutawala, nalo ni tendo lake mwenyewe. "Sabwa" ni kuombwa, nalo ni tendo la watu juu yake. Tawala, uombwe. Yaani mfalme asiyeendewa na watu wake kwa haja zao, huyo enzi yake ina kasoro, hata kama mikuki yake ni mingi.

KUTAWAZWA BILA KUTAWALA

Tofauti kati ya kutawazwa na kutawala ilionekana wazi mwaka 1915. Mfalme Mutaga alifariki mwezi wa Novemba mwaka huo, na mwezi uliofuata akatawazwa mwanawe, Mwambutsa, aliyekuwa mtoto wa umri wa miaka mitatu hivi. Ngoma zilimlilia, jina la kifalme likawa lake, lakini mtoto wa umri huo anatawala nini? Madaraka yalishikwa na wakubwa wa ukoo wa kifalme, akiwemo Ririkumutima. Huyo alikuwa mjane wa Mwezi Gisabo. Alitawala pasipo kutawazwa, na Mwambutsa alitawazwa pasipo kutawala.

Mfano wa namna hiyo uko jirani zetu Uganda hata leo. Falme za nchi hiyo zilifutwa mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya jeshi la serikali kuishambulia ikulu ya Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo. Mwanawe, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, alitawazwa kuwa Kabaka tarehe 31 Julai 1993, katika mlima Buddo, mahali pa jadi pa kutawazia makabaka. Sheria ya Uganda yamtambua kuwa kiongozi wa utamaduni, lakini haimpi madaraka ya serikali. Wakati mmoja huo huo ametawazwa, naye hatawali kwa maana ile ya zamani.

WAGENI WALIPOTAKA KUWA WATAWAZAJI

Wakoloni walipofika walilielewa neno hili upesi sana. Walitambua kwamba mwenye kutawaza ni mkubwa kuliko mwenye kutawazwa, basi wakataka kazi ya kutawaza iwe yao.

Katika Burundi, Wajerumani walipigana na Mwezi Gisabo mpaka akakubali mapatano ya Kiganda tarehe 6 Juni 1903. Walimwacha katika ufalme wake, lakini alilazimika kuikubali himaya yao, akalipishwa fidia ya ng'ombe, na akatakiwa kuwatambua Kilima na Maconco, waliokuwa wakimpinga. Tangu siku hiyo mfalme wa Burundi alikuwa na mtu wa tatu kati yake na ngoma yake.

Pwani mambo yalikuwa makali zaidi. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini wa Unguja. Siku hiyo hiyo Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza kuwa sultani. Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Unguja chini ya himaya yao, walisema hakuna sultani awezaye kukalia kiti bila ya ridhaa yao. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti manowari zao zililipiga jumba hilo kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, na siku hiyo hiyo Hamoud bin Muhammed akawekwa kitini. Swali la nani mwenye haki ya kutawaza lilijibiwa kwa mzinga.

Rwanda, Wabelgiji walimwondoa Mfalme Yuhi Musinga mwezi wa Novemba 1931 na kumweka mwanawe, Mutara Rudahigwa. Abiru, ambao ndio waliokuwa watunza siri za ufalme wa Rwanda na wenye haki ya kumtaja mrithi, hawakuulizwa. Lakini miaka 28 baadaye abiru walilipa deni hilo. Mutara alifariki hapa hapa mjini kwetu, Bujumbura, ambayo siku zile ikiitwa Usumbura, tarehe 25 Julai 1959, naye hakuwa na mtoto. Kinyarwanda hakisemi mfalme "amekufa". Husema "ametanga", yaani ametoa, amekabidhi. Alikuwa amemkabidhi nani? Tarehe 28 Julai, mbele ya kaburi lililo wazi katika mlima Mwima, mbele ya umati wa watu na ya wakubwa wa Kibelgiji, lilitajwa jina la Jean-Baptiste Ndahindurwa, akawa Kigeli wa Tano. Wabelgiji hawakutarajia jambo hilo, nao walilazimika kulikubali. Hata hivyo haukupita muda mrefu: mwaka 1961 ufalme wa Rwanda ulifutwa.

MWANA WA MFALME ALIYEKWENDA KWA WAPIGA KURA

Tukirudi kwetu, yuko mwana wa mfalme ambaye hakungoja ngoma. Louis Rwagasore, mwana mkubwa wa Mwambutsa, alikuwa na kila sababu ya kutegemea nasaba yake. Badala yake alikiongoza chama cha UPRONA na akaenda kwa wananchi kuwaomba kura. Hapa Bujumbura alipata marafiki na wasaidizi miongoni mwa wafanya biashara Waswahili wa Buyenzi na Bwiza, watu ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika mila za ngoma ya kifalme. Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge, na Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya kutimia mwezi mmoja tangu uchaguzi, alipigwa risasi na kuuawa mjini humu, karibu na ziwa. Kaburi lake liko mlimani Vugizo, nalo huutazama mji.

Hakutawazwa, wala hakuhitaji kutawazwa. Lakini wananchi walimsimika. Ndiyo maana jina lake lingali imara kama nguzo.

MWAKA MMOJA, MANENO MANNE

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa ni ufalme. Bendera yake ilikuwa na ngoma katikati, pamoja na mmea wa mtama. Miaka minne baadaye, katika mwaka mmoja wa 1966, nchi ilipitia karibu maneno yote ya makala haya.

Neno la kwanza ni "kukabidhi". Baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba 1965 Mfalme Mwambutsa alikuwa amekwenda Ulaya, na mwezi wa Machi 1966 alimkabidhi mwanawe Charles Ndizeye sehemu ya madaraka yake. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 18.

Neno la pili ni "kujitwalia". Tarehe 8 Julai 1966 kijana alitangaza kwamba baba yake si mtawala tena, na kwamba yeye ndiye mkuu wa nchi. Alimteua Kapteni Michel Micombero kuwa Waziri Mkuu.

Neno la tatu ni "kutawazwa". Tarehe 1 Septemba 1966, huko Muramvya, katika ardhi ya kale ya wafalme, alitawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Hapo twaona nguvu ya neno letu: aliyekuwa amekwisha kujitwalia madaraka mwezi wa Julai aliona bado anahitaji kutawazwa mwezi wa Septemba. Alijua kwamba kutwaa hakutoshi, lazima watu waone na wakiri.

Neno la nne ni "kupindua". Tarehe 28 Novemba 1966, Ntare akiwa ziarani Kinshasa, Micombero na maofisa wa jeshi walimwondoa na kutangaza jamhuri. Tangu kutawazwa kwake zilikuwa zimepita siku 88 tu. Ngoma ikaondolewa katika bendera, mtama ukabaki peke yake, na mwaka 1967 zikawekwa nyota tatu tunazozipigia saluti mpaka leo: umoja, kazi na maendeleo.

Msomaji atazame vizuri jinsi hatua moja ilivyofungua mlango wa nyingine. Mwana alipomwondoa baba kwa tangazo, aliwafundisha wengine kwamba tangazo latosha. Waliomsaidia mwezi wa Julai hawakushindwa kumwondoa mwezi wa Novemba. Ntare alirudi nchini mwaka 1972 akitokea Uganda, akazuiliwa Gitega, na huko akauawa tarehe 29 Aprili, siku ile yalipoanza machafuko na mauaji makubwa yaliyowamaliza raia wengi mno. Baba yake, Mwambutsa, alifariki uhamishoni Uswisi mwaka 1977.

KUJITAWAZA

Kiswahili hakikatazi kusema "kujitawaza", lakini msikilizaji husikia mara moja lawama iliyomo. Kiambishi "ji" kinapoingia katika neno hili, huligeuza liwe kejeli. Ni kama kusema mtu amejisifu, amejialika, amejikaribisha.

Historia ya dunia ina mifano mashuhuri. Tarehe 2 Desemba 1804, mjini Paris, Napoleon alimwita Papa katika sherehe ya kumtawaza, kisha akaichukua taji na kujivika kwa mikono yake mwenyewe. Alishindwa kabisa mwaka 1815, akamalizia maisha yake kisiwani akiwa mfungwa. Tarehe 4 Desemba 1977, mjini Bangui, Jean-Bedel Bokassa aliyekuwa askari akawa rais alimwiga Napoleon na kujivika taji ya ufalme wa Afrika ya Kati kwa gharama kubwa mno, katika nchi ya watu maskini. Septemba 1979 aliondolewa. Wahenga walisema, ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Linganisha na Uingereza. Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, mwanawe Charles alikuwa mfalme saa hiyo hiyo kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo, tarehe 6 Mei 2023 alikwenda kanisani, akala kiapo, akapakwa mafuta na kuvikwa taji na mkono wa mtu mwingine. Sheria ilikuwa imekwisha kumpa kiti. Sherehe ilimkumbusha kwamba kiti hicho alipewa.

MATUMIZI YALIYO SAHIHI

Ili kuilinda lugha yetu, inafaa kila neno liwekwe mahali pake.

Mfalme, malkia au sultani hutawazwa, na siku yake ni siku ya kutawazwa. Akivikwa taji, twaweza pia kusema amevikwa taji, lakini si kila mfalme huvaa taji. Wa kwetu alipewa ngoma, na watawala wa kale wa pwani walijulikana kwa siwa, yaani baragumu kubwa ya pembe au ya shaba, na kwa ngoma.

Askofu, chifu na mkuu wa ukoo husimikwa. Rais huapishwa, wala si sawa kusema ametawazwa, kwani rais hupewa madaraka kwa muda uliowekwa, naye huyarudisha. Evariste Ndayishimiye, kwa mfano, aliapishwa tarehe 18 Juni 2020 mjini Gitega, katika uwanja wa michezo uitwao Ingoma. Jina la uwanja ni la kale. Tendo lililofanyika ndani yake ni la jamhuri.

Waziri huteuliwa. Afisa wa jeshi hutunukiwa kamisheni. Koplo au sajini hupandishwa cheo na kuvishwa alama zake. Ofisi hukabidhiwa, na anayeipokea hutia sahihi.

Kirundi kina neno jingine ambalo Kiswahili hakina lililo sawa nalo, nalo ni "kwatira". Hilo ni la mushingantahe, mzee wa busara wa mlimani, mwamuzi wa mashauri. Mushingantahe hakurithi cheo chake kwa baba, wala hakukinunua. Majirani walimtazama kwa muda mrefu: je, husema kweli? Hulipa deni? Huishi vema na mkewe? Walipotosheka walimwatira hadharani, akala kiapo mbele yao, wakanywa pombe pamoja, na mkewe akawa pamoja naye katika heshima hiyo. Alama yake ilikuwa fimbo iitwayo intahe, ambayo kwayo aligonga ardhi alipotoa hukumu. Ni fimbo tu, wala haina makali. Kilichoifanya iogopwe ni kwamba wote waliona siku alipopewa.

FUNZO KWA MWENYE SARE

Sisi wa jeshi na polisi tunapaswa kulielewa neno hili kuliko wengine, kwa maana historia yaonyesha kwamba mara nyingi waliotaka kujitawaza walitutazama sisi kwanza. Tarehe 10 Julai 1993 Melchior Ndadaye aliapishwa kuwa rais baada ya kuchaguliwa kwa kura za wananchi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo aliuawa na askari walioasi. Waliomwua walikuwa wamevaa sare waliyopewa na taifa, na wakashika bunduki walizopewa na taifa. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi, na hakuna familia katika nchi hii, wala katika kambi zetu, isiyokijua kilichopotea.

Bunduki huweza kumwondoa mtu kitini, na huweza kumkalisha mwingine. Lakini haiwezi kumtawaza mtu kwa maana kamili ya neno, kwa sababu kutawaza kwahitaji watu wanaokiri kwa hiari. Cheo cha askari chenyewe ni cha kupewa. Nyota za begani hazikuota hapo. Zilivishwa na mkono wa mkubwa, kwa niaba ya sheria, mbele ya gwaride. Anayezitumia kumdhulumu raia barabarani au mpakani anatumia kitu ambacho si mali yake. Msemo uliovuma Tanzania, "cheo ni dhamana", wasema jambo hilo hilo kwa maneno matatu.

HATA NYUMBANI

Neno hili linafaa pia katika jamaa zetu. Kwa miaka mingi, kuanzia mwishoni mwa 2007, maelfu ya askari wetu walikwenda Somalia kulinda amani, na nyumba zikabaki mikononi mwa wake zao. Katika nyumba nyingine mama aliachiwa kazi zote bila ya madaraka yoyote: alipotaka kuuza mbuzi ili alipe karo, shemeji alikuja kumwuliza amepewa ruhusa na nani. Kosa halikuwa la shemeji peke yake. Mwenye nyumba aliondoka pasipo kukabidhi.

Askari anayekwenda kazini mbali na afanye kama walivyofanya wazee. Awaite ndugu zake na watoto wakubwa, na mbele yao aseme waziwazi: nisipokuwapo, mama huyu ndiye mwenye kauli katika shamba, mifugo, fedha na shule ya watoto. Kama kuna hati ya kiwanja au kitabu cha benki, amwonyeshe mahali kilipo. Maneno hayo hayachukui nusu saa, nayo huzuia ugomvi wa mwaka mzima. Vivyo hivyo mama anapomwachia binti mkubwa wadogo zake, na awaambie wadogo wenyewe, wasikie kwa masikio yao. Mtoto aliyepewa kazi kwa siri huonekana mbele ya wenzake kuwa amejitawaza, nao humkaidi.

Basi, ndugu msomaji, utakaposikia kwamba fulani ameshika madaraka, iwe ni ya nchi, ya kikosi, ya ofisi au ya nyumba, uliza swali dogo ambalo lugha yetu imekwisha kukuwekea tayari: amepewa na nani, na nani alikuwapo akiona? Jibu likiwa wazi, mtii na umsaidie. Na siku zamu itakapokuwa yako, ukumbuke kwamba waliokusimika wangali wamesimama pale, wakikutazama.